Kwenye ile picha ya maabara ya umeme, aliyeandika programu hayupo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nitoe dukuduku langu, najua nafasi yenyewe finyu ila nikinyamaza litanikaa rohoni. Juzi mlitoa picha kubwa tu ya rangi, ya maabara ya maikrogridi kwenye chuo kimoja (jina nalihifadhi, wenyewe mnalijua), wakubwa wamejipanga mbele ya kabati la chuma lenye taa ndogo ya kijani, mkasi mkononi, utepe ushakatwa. Chini yake mkaandika ni teknolojia ya kisasa ya kudhibiti nishati. Sasa kabati lile nalijua, mi ndo fundi wa ile maabara, waya nyingi za mle ndani nimezibana kwa mikono yangu mwenyewe. Na nawaambia hamna hata mmoja kwenye ile picha aliyeandika mstari mmoja wa programu inayofanya ile taa iwe ya kijani. Aliyeandika alikuwa koridoni, kaambiwa asubiri wageni watoke kwanza manake koti lake la labu lina doa la fluksi ya kulehemia.

Sina ugomvi na wakubwa kupiga picha, wapige tu. Kinachoniuma ni hiki, hela ya utafiti inatafutwa kwa jasho, inapatikana, inanunua kabati, halafu yule mwanafunzi anayetakiwa kulitia kabati akili anaachwa ajitegemee, na akishindwa tunaandika tena kwenye magazeti kwamba vijana hawapendi sayansi.

Nieleze kidogo maana kuna watakaouliza maikrogridi ndo mdudu gani. Ni gridi ya umeme kama zile kubwa ila imefupishwa, sola kadhaa, betri, pengine jenereta ya dizeli au kinu cha upepo, na watumiaji wake wapo palepale, hospitali, shule, kisiwa, kambi. Ina mlango mmoja, yaani swichi, unaoiunganisha na gridi kubwa, na ikikatwa na gridi kubwa inatakiwa ijiendeshe yenyewe. Wazo sio geni, kituo cha Edison cha mtaa wa Pearl kule New York mwaka 1882 kilikuwa gridi ndogo tu ya kulisha majengo ya jirani, haya magridi ya nchi nzima yamekuja baadaye. Kilichogeuka ni aina ya mitambo. Kwenye gridi ya zamani kuna machuma yanazunguka, tani kwa tani, mzigo ukiongezeka ghafla yale machuma yanapungua mwendo kidogo tu na ule uzito wake unaozunguka unakopesha nguvu kwa sekunde kadhaa mpaka mvuke au maji yaongezwe. Sola haina kinachozunguka. Inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa sola na betri uwe wa mawimbi kama wa gridi, ndani yake ni transista, yaani swichi ndogo za elektroniki, zinazojiwasha na kujizima maelfu ya mara kwa sekunde, na anayeziambia ziwake lini na zizime lini ni programu. Wingu likipita juu ya paneli umeme unaweza kushuka zaidi ya nusu kabla hujamaliza kuuliza kuna nini, betri inatakiwa idake hapohapo, na programu ikiwa imekosewa kila kitu kinazima huku jua linawaka na betri imejaa. Nimeshaona hiyo kwa macho yangu, inatia hasira kuliko kukatika umeme kwa kawaida.

Halafu kuna hili la mafahali wawili. Wahenga walisema hawakai zizi moja, na inveta nazo ni hivyohivyo, ukichukua mbili kila moja inataka iwe ndo kiongozi wa volteji na frikwensi (idadi ya mawimbi ya umeme kwa sekunde, inapimwa kwa hezi) ukaziunganisha kwenye waya mmoja, zitasukumana mpaka moja iungue. Dawa yake ni nzuri mno, mi kila mwaka naielezea na kila mwaka naiona mpya. Kila inveta unaifundisha ilegee kidogo kadiri inavyobeba. Tuseme bila mzigo inakaa hezi 50, ikibeba mzigo wake wote inashuka hadi hezi 49.5. Sasa weka inveta ya kilowati 5 na ya kilowati 10 pamoja, washa mzigo wa kilowati 9, hazijaongea, hazina waya wa mawasiliano kati yake, lakini kwa kuwa zipo kwenye umeme mmoja lazima frikwensi iwe moja, basi zitateleza zote mpaka zikutane kwenye 49.7, na pale ndogo itakuwa imebeba 3 na kubwa imebeba 6. Kila mtu kwa uwezo wake! Ni kama watu wawili wamebeba kitanda ngazini, hawasemeshani, kila mmoja anasikia mzigo kwenye mikono anajua mwenzie kalegea au kakaza.

Na hii ya kugawana mzigo bila waya wa mawasiliano, moja ya karatasi za utafiti za mwanzo kabisa zinazonukuliwa mpaka leo ilitoka mwaka 1993, jina la kwanza ni Chandorkar, pamoja na Divan na Adapa, na huyo Chandorkar wakati ule alikuwa bado mwanafunzi wa shahada ya uzamivu (PhD) chuo cha Wisconsin, Marekani. Mwanafunzi, Mhariri. Baadaye palepale Wisconsin, Lasseter na wenzake ndo wakaja kulisimamisha hili jina la maikrogridi miaka ya 2001 na 2002. Yaani msingi wa kabati mlilolipiga picha umejengwa na kijana ambaye angekuwa chuo chetu angeambiwa asubiri koridoni.

Sasa niwape kisa cha huyu wetu. Ni binti, yuko mwaka wa mwisho, mwembamba, mkimya, anaandika kwa penseli tu. Alitengeneza inveta mbili ndogo za kilowati 1 kila moja, na kwa kuwa hatukuwa na mzigo wa maana tukamfungia ubao wa balbu kumi za zamani zile za uzi, za wati 100 kila moja. Mi nazipenda balbu zile kuliko mita yoyote maana zinasema ukweli, umeme ukitetemeka na zenyewe zinatetemeka. Kwenye kompyuta simulesheni yake, yaani jaribio la kuigiza, ilikuwa imenyooka kama rula. Siku ya kwanza kuziunganisha alifunga swichi kabla inveta hazijaenda hatua moja, moja iko juu ya wimbi nyingine iko chini, ukasikika mlio mmoja tu, paa, na transista nne zikaondoka na roho zao. Alikaa chini kwenye sakafu. Nikamwambia mwanangu, mimi nimeunguza nyingi kuliko hizo, nyanyuka tuone nini kimepona.

Transista nne sio kitu. Ila kuzipata zingine ilichukua wiki saba. Fomu ilienda ofisi ya manunuzi ikarudi kwa sababu haina nukuu tatu za bei, ikaenda tena ikarudi kwa sababu kiasi kilichoombwa ni kidogo mno na ofisi haifungui zabuni kwa kitu kidogo hivyo, tukaambiwa tusubiri tuunganishe na mahitaji mengine. Kabati la maelfu lilipita kwa mwezi mmoja, transista zinazoenea kwenye kiganja zimekaa wiki saba. Mwishowe alinunua kwa hela yake ya matumizi, na mi najua ni matumizi gani alikata kwa sababu aliacha kwenda nyumbani wikiendi akawa anashinda labu.

Basi akarudisha, safari hii akaweka kifaa cha kusubiri mawimbi yaende sawa ndo swichi ifunge, ikafunga kimya kabisa, tukapigana mikono. Tukawasha balbu tano. Zikaanza kupumua. Sijui niseme vipi, zinang'aa, zinafifia, zinang'aa, kama mtu aliyelala, mara mbili hivi kwa sekunde. Akaniuliza, "Fundi, mbona zinagombana na kwenye laptopu zilikuwa zimetulia?" Nikamwambia sijui, na kweli sikujua. Supavaiza alikuwa safarini. Tukabadilisha waya, wapi. Tukabadilisha sensa ya mkondo, wapi. Siku nne. Siku ya tano jioni akachomeka osiloskopu, kile kifaa kinachochora mawimbi ya umeme, kwenye pini moja ya ile bodi ya prosesa, akaifanya ile pini ipande kila hesabu ikianza na ishuke ikiisha, akaangalia, akacheka peke yake. Hesabu ya nguvu ilitakiwa izunguke kila milisekunde 1, kumbe inachukua karibu 6, kwa nini? Kwa sababu alikuwa ameacha ndani ya mzunguko mistari ya kuandika ujumbe kwenye skrini, aliiweka mwenyewe ili afuatilie, na kuandika kwenye skrini kunakula muda kuliko hesabu yenyewe. Kichujio cha kipimo, kile kinacholainisha namba za nguvu iliyopimwa, kikawa kizito mara sita kuliko alivyopanga, inveta zikawa zinaitikia habari ambayo ishapitwa, huyu akikaza mwenzie ndo kwanza analegea. Akafuta mistari mitatu. Balbu zikatulia tuli, nyeupe, kama hakijawahi kutokea kitu.

Hapo ndo nilipo mimi, Mhariri. Hili jambo haliko kwenye kitabu chochote alichosoma, na simulesheni isingemwambia maana kwenye simulesheni prosesa haichoki. Amelipata kwa sababu alikuwa na meza, kifaa, na muda wa kukosea siku nne mfululizo bila mtu kumfukuza. Ukiniuliza kumsaidia mwanafunzi wa sayansi ni nini, nitakuonyesha ile pini inapanda na kushuka.

Na msione kwamba huu ni mchezo wa balbu tu. Mwaka 2011 tarehe 11 Machi lile tetemeko kubwa lilipopiga Japani, gridi ya eneo la Sendai ilizima, ila maikrogridi ya majaribio kwenye eneo la chuo cha Tohoku Fukushi ikaendelea kulisha wagonjwa hospitalini palepale, mwanzo betri na sola, baadaye injini za gesi zikawashwa tena, zaidi ya siku mbili mpaka gridi iliporudi. Mwaka uliofuata kimbunga Sandy kilipopiga Marekani, chuo cha Princeton kilijikata kwenye gridi kikaendesha eneo lake kwa mtambo wake. Kisiwa cha Ta'u kule Samoa ya Marekani tangu 2016 kina sola ya megawati 1.4 na betri za megawati-saa 6, kisiwa ambacho zamani kilikuwa kinasubiri meli ya dizeli. Kila sehemu hizo kuna kitu kinachoamua kwa milisekunde nani abebe, halafu juu yake kuna kingine kinachoirudisha frikwensi pale pa hezi 50 au 60 ndani ya sekunde chache, halafu juu yake tena kinachopanga kwa saa, betri ijazwe saa ngapi, jenereta iwashwe lini, na jenereta ya dizeli nayo haitaki kuendeshwa chini ya kama asilimia 30 ya uwezo wake muda mrefu, inajaa masizi na mafuta yasiyoungua. Hayo yote yaliandikwa na watu waliowahi kuwa wanafunzi na wakaunguza vitu.

Na kuna maswali bado hayajaisha, tena mazuri. Kwa mfano fyuzi. Waya zikigusana kwenye gridi ya kawaida mkondo unaruka mara nyingi kuliko kawaida na fyuzi inakatika fasta. Inveta haiwezi hivyo, ikitoa mara moja na nusu au mbili ya kiwango chake inajilinda yenyewe, kwa hiyo fyuzi inakaa pale inaangalia tu, haioni cha kukata, na hitilafu inaendelea. Mwanafunzi mwingine wa mwaka wa nne anahangaika na hilo sasa hivi kwenye kona ya labu, hana hata stuli, anasimama.

Turudi kwenye hela, manake najua mtasema fundi huyu analalamika tu. Mimi nimekaa kwenye hii kazi muda mrefu na nimeona miradi mingi ikija na kuondoka, nayo inafanana. Kuna fungu la vifaa, kuna fungu la safari za kwenda kuwasilisha, kuna fungu la warsha yenye mabango na mifuko yenye nembo. Fungu la mwanafunzi halipo, au lipo limeandikwa "kujenga uwezo" na linaishia kwenye semina ya siku mbili hotelini ambapo mtu anawaambia vijana wajiamini. Wanajiamini tayari! Wanachokosa ni probu (waya wa kupimia) ya osiloskopu isiyokatika, wanachokosa ni funguo ya labu baada ya saa kumi jioni, kwa sababu mchana wako darasani na jioni ofisi ishafunga na funguo iko kwenye droo ya mtu aliyeenda kwake. Mi nabaki nao kwa hiari, hainilipi mtu, ila siku nikiumwa labu inafungwa, imekaa kienyeji hivyo.

Likizo ndo mbaya zaidi. Likizo ndo wakati ambao mwanafunzi angekaa wiki nane na tatizo moja kichwani, hana mtihani hana kipindi, na ndo wakati anaoenda kutafuta kibarua cha kupakia mizigo ili arudi na nauli. Mlipeni hicho kibarua akifanyie labu. Sio hela nyingi, gharama ya ile mifuko yenye nembo ya warsha moja ingewalipa wawili watatu, na hapo sijagusa safari.

Kingine hakigharimu karibu chochote na kinaniumiza kuliko vyote. Programu za wanafunzi zinapotea. Kila mwaka kijana anaandika kontrola yake, yaani programu ya kuongoza inveta, inafanya kazi, anawasilisha, anapewa maksi, ripoti inafungwa jalada gumu inawekwa rafu, na programu yenyewe inabaki kwenye flashi mfukoni mwake, anaondoka nayo. Mwaka unaofuata anakuja mwingine anaanza sifuri, anakosea yaleyale, mwaka unaisha akiwa amefika alipofika mwenzie. Yaani tuna utafiti wa miaka kadhaa ambao umeanza mara kadhaa na haujawahi kuwa na mwaka wa pili. Mimi nimejaribu, nina daftari langu kubwa jeusi naandika ndani nani alifanya nini na nini kiliungua na kwa nini, ila mi naandika waya, programu siwezi kuiandika kwenye daftari. Wekeni sehemu moja ya kuhifadhi, na asipewe maksi za mwisho mpaka aliyemfuata awashe kile kitu mwenyewe kwa kufuata maelezo yake bila kumpigia simu. Hiyo sheria moja ingebadilisha kila kitu pale na wala haihitaji mkasi wala utepe.

Kuna watakaosema siku hizi kila kitu ni simulesheni, vifaa vya nini. Sipingi simulesheni, kuna programu za bure kama OpenDSS na pandapower ambazo mwanafunzi anaweza kuziendesha kwenye laptopu ya kawaida, na ni pa kuanzia, tena lazima aanzie hapo asije akaua mtu. Na kuna ile njia ya katikati, kompyuta inajifanya ndo gridi nzima kwa muda halisi na wewe unachomeka kontrola yako ya kweli kwenye hiyo gridi ya uongo, ukikosea hakiungui kitu. Hiyo ndo ingemkamatia binti yetu ile mistari mitatu siku ya kwanza. Kifaa cha namna hiyo kipo ndani ya lilelile kabati mlilolipiga picha. Kimefungwa, nailoni haijatolewa, kwa sababu leseni ya programu yake inalipiwa kila mwaka na mradi ulinunua kifaa ukasahau leseni.

Nina moja la pembeni halafu naacha. Michael Faraday, huyu ambaye jenereta zote mpaka leo zinazungukia alichogundua mwaka 1831, alikuwa kijana wa kujalidi vitabu, mteja mmoja wa pale kazini kwake akampa tiketi za mihadhara ya mwanakemia Humphry Davy mwaka 1812, na mwaka uliofuata Davy akamchukua awe msaidizi wa maabara. Hakupewa hotuba ya kujiamini, alipewa tiketi na meza. (Na ndio, alianza kwa kazi kama yangu, hilo huwa nawakumbusha wahadhiri wakinisumbua.)

Yule binti aliwasilisha wiki iliyopita, kapata maksi nzuri, na programu yake nimemlazimisha aninakilie pamoja na maelezo kurasa kumi na moja za penseli. Anasema hajui kama ataendelea na masomo ya juu, inategemea kama atapata wa kumlipia, kuna kampuni ya kuuza simu imemuita kazini na inaanza mwezi ujao. Simlaumu hata kidogo.

Mkimtuma tena mpiga picha wenu, mwambieni asije asubuhi. Aje jioni baada ya saa kumi na mbili, mlango wa nyuma, agonge kwa nguvu maana feni zina kelele. Tutakuwepo. Na avae viatu vya raba.

Fundi wa maabara,
jina nimelihifadhi